Gunia la Isongole na kozi mnayoikimbia

TAHARIRI

Jumamosi moja, baada ya kikao cha vijana Tukuyu mjini, mvua ilitufungia kwenye mgahawa karibu na stendi. Mnaoijua Tukuyu mnajua: ikianza, hakuna anayetoka. Tukaagiza chai, stori zikaanza. Kamanda mmoja, yuko mwaka wa pili wa diploma, akasema hivi: "Kaka, mimi ningekuwa waziri, kesho asubuhi nafuta DS na stadi za mawasiliano. Nimekuja chuo kusomea fani. Hayo mengine ni ya kujaza ratiba na kutulisha supu tu."

Meza nzima ikacheka. Hata anayeandika hapa alicheka, maana na yeye alishawahi kula supu ya DS.

Hazikupita dakika kumi, kijana yuleyule akaanza kulalamika kuhusu viazi vya baba yake kule Isongole. Mchuuzi kaja na magunia yake, kayajaza mpaka mdomoni, kisha juu kaongeza kichwa kingine cha viazi na kukifunga kwa kamba. Lumbesa. Mzee akalipwa kwa gunia, siyo kwa kilo. "Nchi hii haina sheria," akamalizia kwa uchungu.

Dada mmoja pembeni akamuuliza taratibu: "Haina? Umeshaisoma Sheria ya Vipimo?" Kimya. Hakuna mezani aliyekuwa ameisoma. Tulikuwa watu tisa, karibu wote tuna cheti cha chuo au tunakitafuta.

Tahariri hii inatoka kwenye ule ukimya.

Tuanze kwa kumpa kijana haki yake, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Masomo ya jumla katika vyuo vyetu vingi yanafundishwa vibaya. Unakusanya mamia ya wanafunzi kwenye ukumbi mmoja, spika zinakoroma, anayekaa nyuma hasikii kitu. Madesa ni yaleyale waliyosomea kaka zetu, yametolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Swali la mtihani ni "taja na ueleze", mwanafunzi anataja, anaeleza, anapita, anasahau kabla bumu halijaingia. Walter Rodney ni alama mbili kwenye jibu la swali la tatu. Ukimuuliza aliyezipata hizo alama mbili, hajui kwamba Rodney alikuwa mwalimu hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba kitabu chake maarufu kuhusu Ulaya kuidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na wachapishaji wa London. Somo lililokusudiwa kumfundisha mtu kuuliza limegeuzwa kuwa somo la kukariri majibu.

Lakini ngoma ikichezwa vibaya huwezi kuichoma ngoma. Ni lazima tujue kozi hizi zilitoka wapi, kwa sababu hazikuwekwa kwenye ratiba na mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga utaratibu mpya wa kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao pia ungewakata sehemu kubwa ya mishahara wakimaliza. Nyerere alikasirika. Akawafukuza zaidi ya mia tatu, akawarudisha makwao, na yeye mwenyewe akajikata mshahara kwa asilimia 20. Unaweza kubishana naye kuhusu kufukuza watu waliotoa maoni yao, na sisi tunabishana naye mpaka leo. Lakini baada ya hapo likaulizwa swali zito: hivi chuo kikuu kinamfundisha mtu nini mpaka anamaliza bila kujua mkulima aliyemlipia karo anaishije? Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, kukawa na mkutano mkubwa wa kujadili kazi ya chuo katika nchi masikini. Huko ndiko likakua wazo kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa sayansi au wa lugha, apite kwenye kozi ya pamoja inayomfundisha jamii yake inavyofanya kazi. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Ile DS mnayoilaani ni mjukuu wa mjadala huo.

Najua kuna kamanda hapo anasema: si ndiyo hayo, walitaka kutengeneza wasomi watiifu wa chama kimoja! Sawa, nia hiyo ilikuwepo. Lakini angalieni kilichotokea. Wanafunzi waliofundishwa kuichambua jamii waliianza kuichambua na serikali yao. Wakatoa jarida lao, Cheche, na humo Issa Shivji, akiwa bado kijana mdogo, akaandika kwamba ndani ya nchi ya ujamaa kuna tabaka jipya linalonufaika kimyakimya. Mwaka 1970 jarida likapigwa marufuku. Dola ilifungua darasa, darasa likaiuliza maswali dola. Ndiyo maana hatuamini hoja kwamba elimu ya jumla ni mtego wa watawala. Mtawala anayetaka utii hana haja ya kukufundisha kufikiri, anakupa madesa.

(Na ili tusidanganyane: Yoweri Museveni naye alipita pale pale Dar, tena alikuwa kiongozi wa kundi la wanafunzi wanamapinduzi miaka hiyohiyo. Elimu ya jumla siyo chanjo dhidi ya kung'ang'ania kiti. Tuliache hilo.)

Sasa tuje kwenye ya leo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili: jumla na amali. Sisi hatuna ugomvi na amali. Rungwe inahitaji mafundi umeme, wataalamu wa ng'ombe wa maziwa, watu wa kutengeneza mashine za viwanda vya chai, watu wanaojua kupandikiza parachichi likazaa. Anayemdharau fundi hajawahi kukatikiwa na maji.

Ugomvi wetu uko kwenye namna inavyouzwa majukwaani. Ukisikiliza hotuba za viongozi, maneno ni yaleyale: vijana acheni kusoma nadharia, someni ujuzi, jiajirini. Nyuma ya maneno hayo kuna ujumbe usiosemwa wazi: ukikosa kazi ni kosa lako, ulichagua kozi mbaya. Siyo kosa la sera, siyo kosa la bajeti, siyo kosa la mtu aliyetia saini mkataba. Na kama hujawahi kufundishwa sera ni nini, bajeti inapangwaje na mkataba unasomwaje, utaukubali ujumbe huo na kujilaumu peke yako geto.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1924, wakati wa Mwingereza, Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kushauri elimu ya Mwafrika ilingane na "mazingira yake": kilimo, ufundi, usafi wa nyumba. Mambo mazuri kabisa. Ila watoto wa wale waliokuwa wanatawala hawakuishia hapo. Walisoma historia, sheria, falsafa na uchumi, ndipo wakaja kutawala. Nyerere aliliona hilo mapema. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 hakuchukua fani moja nyembamba, alichukua shahada ya jumla: ndani yake kulikuwa na Kiingereza, uchumi, historia, anthropolojia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Mwalimu wa shule ya sekondari akarudi mwaka 1952 na miaka miwili baadaye ana TANU. Hakusomea "ukombozi" kama fani, hakuna chuo kilichokuwa kinatoa.

Kwa hiyo swali letu kwa wanaosema tupunguze masomo ya jumla ni moja. Watoto wenu nao watapunguziwa?

Turudi Isongole, kwenye lile gunia, kwa sababu nataka mwone kozi hizi zinavyofanya kazi nje ya ukumbi wa mihadhara.

Kwanza hesabu. Gunia halali la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Tuseme la lumbesa lina kilo 130. Mzee akiuza magunia kumi amelipwa ya kilo 1,000 na ametoa kilo 1,300. Magunia matatu yameondoka bure. Hiyo ni mbolea ya msimu ujao, ni ada ya mtoto. Pili sheria. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo yupo kwa ajili yake. Kijana wetu alikosea aliposema nchi haina sheria, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu mtu anayeamini sheria haipo hawezi kumbana anayelipwa kuisimamia.

Lakini hesabu na sheria bado hazitoshi, na hapa ndipo ile DS inaingia. Kwa nini mzee anakubali? Siyo kwamba hajui kuhesabu, anajua kuliko sisi. Anakubali kwa sababu yuko peke yake, viazi havina ghala la kuvitunza, barabara ya kutoka shambani ni tope, ada inadaiwa Jumatatu, na akigoma yeye, jirani atauza. Chai hivyohivyo: jani bichi likishachumwa lazima lifike kiwandani siku ileile, huwezi kurudi nalo nyumbani ukasubiri bei ipande, kwa hiyo anayelisubiri pale kwenye mzani ana nguvu kuliko aliyelibeba. Kuelewa ni nani mwenye uwezo wa kusubiri na nani hana, ndiyo uchumi wa kisiasa wote. Ukishaelewa hilo, hulaumu tena ujinga wa baba yako. Unaanza kufikiria mzani wa pamoja, ghala la kijiji, ushirika usioliwa na viongozi wake, na diwani wa kuulizwa kuhusu ile barabara.

Kisha stadi za mawasiliano, ile kozi ya kucheka kabisa. Nani ataandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, fupi, yenye vifungu, isiyo na matusi, kiasi kwamba akiitupa kapuni aogope? Tumeona barua za matawi yetu. Tuishie hapo.

Mfano mwingine, wa haraka. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha baada ya madudu kuibuliwa na CAG, kisha ikarejeshwa. Vijana wengi wanaijua kama "hela ya mama" au "hela ya vikundi", wanasubiri kuitwa. Halmashauri ikikusanya bilioni 5 za ndani, fungu la vijana ni milioni 200. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Kinachotushinda ni kujua kwamba tuna haki ya kuuliza bilioni ni ngapi, na kuuliza wapi, na kikao gani. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Kijijini kwako mara ya mwisho ulikaa lini? Ulikuwepo?

Sasa tujigeukie wenyewe, maana tahariri inayowasema wengine tu ni uchawa wa upande wa pili.

Sisi ndio tunaoimba Katiba mpya. Tumevaa fulana zake, wengine wetu wamelala mahabusu kwa ajili yake, na heshima yao iko palepale. Lakini kaa na vijana kumi wa tawi lolote uwaulize rasimu ya Tume ya Warioba inatofautianaje na Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Wawili watakujibu kwamba ya Warioba ilikuwa na serikali tatu. Wanane watabadilisha mada. Waulize Ibara ya 41(7) inasema nini. Hiyo ndiyo inayozuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume, ibara ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2020 katika shauri la Jebra Kambole kwamba inakiuka haki. Mahakama iko Arusha, ndani ya nchi yetu! Tunapiga kelele mtandaoni usiku kucha kuhusu uchaguzi na hatuujui mstari mmoja unaotufungia mlango.

Mwanaharakati asiyesoma ana tatizo lilelile la mtaalamu aliyesoma fani yake pekee. Wote wawili wanategemea mtu mwingine awaambie jambo lina maana gani. Na mtu wa namna hiyo hununulika kirahisi. Tumewaona waliokuwa jukwaani nasi jana na leo wanasifia upande ule kwa sauti ileile. Wengine njaa, tunaelewa. Wengine hawakuwahi kuwa na sababu zao wenyewe za kuwa upande huu, walikuwa wamekariri za wenzao. Desa la chama nalo ni desa.

Hapa Rungwe hatupaswi kuona elimu ya namna hii kama kitu cha kigeni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na katika kitabu alichokitoa 1951 alieleza neno ambalo bibi zetu bado wanalitumia: ukwangala. Sisi leo tunalitumia kama kupiga soga tu, kutembeleana. Kwa wazee lilikuwa zaidi. Vijana wa rika moja walikuwa wanajenga kijiji chao, wanakula pamoja, wanazungumza na kubishana, na iliaminika kwamba busara na adabu mtu anazipata humo, kwenye mazungumzo na wenzake walio sawa naye, siyo kwa kukaa peke yake. Kulima alijifunza shambani kwa baba. Kuwa mtu alijifunza kwenye ukwangala. Hatusemi turudi huko, na wasichana wa enzi hizo hawakupewa nafasi kama hiyo. Tunasema tu kwamba wazo la kwamba ujuzi wa mikono hautoshi halikuja na meli.

Na Katumba pale, karibu na kiwanda cha chai, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden na majirani zake, ambako mtu mzima alikwenda kujifunza kazi ya mikono na papo hapo historia, uraia, nyimbo na mijadala, bila hofu ya mtihani. Mkono na kichwa chini ya paa moja. Leo vyuo vya aina hii kote nchini vinajulikana zaidi kwa ushonaji, useremala na umeme, na ile nusu nyingine watu wengi hawajui kama ilikuwepo. Kabla hatujaomba chuo kingine kipya tungeomba ile nusu irudishwe.

Kwa hiyo msimamo wetu vijana ni huu. Masomo ya jumla yasiguswe kwa kisasi cha supu. Yafundishwe kwa madarasa madogo, kwa Kiswahili pale inapobidi ili mtu abishane kwa lugha anayoiota, na yapimwe kwa kazi halisi: mwanafunzi wa ualimu Mpuguso au Tukuyu apewe bajeti ya halmashauri aichambue, wa uuguzi aende Masoko au Kiwira aulize kwa nini mama alichelewa kuja kujifungulia kituoni, wa ufundi asome mkataba wa kazi kifungu kwa kifungu kabla hajautia saini. Na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linaloingia mashuleni lisije likawa la kufundisha watoto kusema ndiyo. Historia ya nchi hii ina Cheche ndani yake, ina na waliofukuzwa 1966, ina na vyama vingi kurudi 1992. Iwemo yote.

Hatutasubiri waziri. Yule kijana wa mwaka wa pili, baada ya mvua kukatika, alibaki na simu yake akatafuta Sheria ya Vipimo mpaka akaipata. Wiki iliyofuata aliwasomea wenzake, akatafsiri vifungu viwili kwa Kiswahili cha kawaida na kimoja kwa Kinyakyusa kwa ajili ya baba yake. Sijui kama ataipenda DS, na akikamata supu nyingine asinilaumu mimi.

Tumekubaliana kukutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi, palepale, nje ya maeneo ya chuo ili mtu asipate matatizo na uongozi wake. Mwanachama au siyo mwanachama, karibu. Mwezi huu ni Ibara ya 41 na kitabu cha bajeti cha halmashauri kwa atakayekipata. Njoo na nakala yako, umeisoma, na njoo na koti.